Aliyeingia Motoni Harudi Kusimulia

Kuna swali ambalo bendi nyingi za dini hazijiulizi, au zikijiuliza hazituambii: je, una haki ya kumwimbia mtu kuhusu Mungu kama wewe mwenyewe hujui umesimama wapi? Simzungumzii mnafiki, yule wa kuhubiri Jumapili na kutapeli Jumatatu. Huyo tunamjua na kesi yake ni fupi. Namzungumzia mtu mkweli kabisa, anayeomba, anayefunga, anayetetemeka akitaja jina la Mola wake, lakini ukimuuliza "wewe ni wa wapi hasa?" ananyamaza mpaka unajuta kuuliza.

Bendi iliyonifanya nikae na swali hili inaitwa mewithoutYou. Ndivyo inavyoandikwa, maneno yote yameshikana, herufi kubwa ni moja tu, ile ya "You". Kwa Kiswahili ni kama kusema "mimi bila Wewe". Sasa huyo Wewe ni nani? Ukisikiliza albamu ya kwanza utaapa ni mwanamke. Ukifika ya pili unaanza kushuku ni Mungu. Ukifika ya nne huna hakika tena hata na ile "mimi". Walianza Philadelphia, Marekani, mwaka wa 2001, wakaagana na mashabiki wao mjini humohumo Agosti 2022. Katikati hapo kuna albamu saba. Nitazipitia, ila si kwa usawa. Nyingine nitazigusa tu, na moja nitakaa nayo sana kwa sababu ndimo swali langu linamokaa.

Kwanza nyumba walikotoka. Moyo wa bendi ni ndugu wawili, Aaron Weiss mwenye sauti na Michael Weiss mwenye gitaa. Baba yao alizaliwa Myahudi. Mama yao alilelewa katika kanisa la Episkopali, ambalo kwa lugha yetu ni Anglikana ya Marekani. Wote wawili wakaingia Uislamu kwa mlango wa Kisufi, kupitia Bawa Muhaiyaddeen, mzee kutoka Sri Lanka aliyefika Philadelphia mwaka wa 1971 akifundisha kwa Kitamil huku wengine wakitafsiri. Watu wa kila aina walikaa miguuni pake, akiwemo Coleman Barks, yule mshairi aliyewafanya Wamarekani wampende Rumi. Wanafunzi wake walijenga msikiti mwaka wa 1984, naye akafariki miaka miwili baadaye. Aaron amekulia katika mazingira hayo, kisha akiwa kijana akamfuata Yesu. Kwa hiyo kabla hajashika maikrofoni, tayari alikuwa na Torati, Injili na Kurani zimelala rafu moja.

Huenda kwa msomaji wa mbali hilo ni jambo la ajabu. Kwangu si ajabu hata kidogo. Nimekulia Mumias, mji ambao Uislamu ulifika na misafara ya biashara kutoka pwani na ukakaa, na makanisa nayo yakaja yakakaa. Baba ni Muislamu, mama ni Mwanglikana. Ijumaa tulikuwa wa baba, Jumapili tulikuwa wa mama, na siku zilizobaki tulikuwa wa shule. Hakuna aliyetueleza kuwa hesabu hiyo siku moja ingetakiwa kufungwa. Mimi ni mtu wa kuacha mambo katikati: chuo kikuu niliondoka mwaka wa tatu, na sasa naishi kwa vibarua vya kuandika. Kwa hiyo nikisikia mtu anaimba kwa miaka ishirini bila kufika, masikio yangu husimama.

Turudi kwenye muziki. Albamu ya kwanza, A→B Life, ilitoka mwaka wa 2002 na ni kelele. Aaron haimbi, anapayuka, kama mtu anayesoma barua ya kuachwa juu ya paa la nyumba. Kuna gitaa kali, ngoma zisizopumua, na maumivu ya kijana aliyedhani mapenzi yatamwokoa. Ya pili, Catch for Us the Foxes, ikaja mwaka wa 2004. Jina lake limetoka Wimbo Ulio Bora, sura ya pili, pale wanapotajwa mbweha wadogo wanaoharibu mizabibu. Hapo ndipo payuko linageuka kuwa sala. Lakini ni sala ya ajabu, kwa sababu mwombaji anatumia nusu ya muda wake kujishtaki mwenyewe. Kila akisema jambo zuri kuhusu Mungu, mstari unaofuata anajiuliza kama amelisema ili tumwone mtakatifu. Sijawahi kusikia bendi inayojikagua mifuko hivyo hadharani.

Mwaka wa 2006 ikaja Brother, Sister, jina linalomkumbusha mtu Fransisko wa Asizi, yule mtakatifu aliyeliita jua kaka na mwezi dada. Humo wanyama wanaanza kuingia. Kuna nyimbo tatu fupi za buibui zilizopangwa katikati ya nyimbo kubwa kama vituo vya kupumzikia. Kelele bado zipo, lakini kuna upole uliojipenyeza. Na wakati huo maisha yao yalikuwa yanafanana na nyimbo: basi lao la safari liliendeshwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, na Aaron alijulikana kwa kula chakula kilichotupwa na maduka ilhali bado kinafaa. Unaweza kumcheka. Wengi walimcheka. Lakini shika jambo hilo, tutalihitaji baadaye.

Sasa tufike kwenye albamu ya 2009. Jina lake ni refu kama foleni ya Thika Road: It's All Crazy! It's All False! It's All a Dream! It's Alright. Maneno hayo ni ya Bawa Muhaiyaddeen, na maana yake ni kwamba yote ni wazimu, yote ni uongo, yote ni ndoto, na bado ni sawa. Kelele zimekwisha. Zimebaki gitaa za mbao, vinanda, matarumbeta, na mtu anayeimba kweli kwa mara ya kwanza. Nyimbo kadhaa ni hadithi za Bawa zilizotiwa sauti, hadithi za mbweha na kunguru, za aina ambayo bibi angekusimulia jioni ukisubiri ugali uive.

Humo ndani kuna wimbo wa kuzaliwa kwa Yesu zizini, na wanyama wanamletea zawadi walizonazo. Na wimbo wa mwisho kabisa unaitwa "Allah, Allah, Allah".

Fikiria mahali ulipotokea. Albamu nne za kwanza zilitolewa na Tooth & Nail, kampuni ya Seattle inayojulikana zaidi kwa roki ya Kikristo, na kaseti na sidii zake zilikuwa zikiuzwa kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo. Ni Marekani miaka minane tu baada ya Septemba 11. Kijana wa kanisa ananunua sidii mpya ya bendi yake, anafika mwisho, anakuta jina hilo mara tatu. Kuna waliosema bendi imepotea. Kuna waliosema bendi hatimaye imefunguka. Na wapo waliokasirishwa tu na kutoweka kwa gitaa kali. Kila mtu alikuwa na lake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna raha moja ambayo Wamarekani hawana. Mchungaji akipanda mimbari kuhubiri toba, dhambi, imani, roho, baraka, malaika, shetani na nabii, maneno yote hayo yamepitia mlango wa msikiti kabla ya kufika kwake. "Mwenyezi Mungu" linasemwa na shehe na linasemwa na askofu, na hakuna anayemshtaki mwenzake kwa wizi. Ule mgogoro wa wimbo wa kumi na moja ungetafsiriwa kwa Kiswahili, ungekosa hata pa kuanzia. Tungeusikia tu kama wimbo wa mtu anayemwita Mungu.

Lakini nisiharakishe kufurahia, kwa sababu neno moja linaweza kubeba vitu viwili. Chukua jeneza. Kwa kina mama yangu, jeneza ni lile sanduku la mbao unaloshuka nalo kaburini. Kwa kina baba yangu, jeneza ni la msikiti: linakubeba mpaka makaburini, unashushwa udongoni ukiwa na sanda yako, nalo linarudi msikitini kumngoja mwingine. Neno ni lilelile, ila moja linaingia ardhini na lingine linarudi nyumbani. Siku ya msiba huwezi kusema "si yote ni majeneza?" Watu watakuangalia. Kushiriki lugha si kushiriki nyumba, na mtu anayesema dini zote ni kitu kimoja mara nyingi hajawahi kuulizwa na yeyote achimbe kaburi la upande gani.

Hapo ndipo mashtaka mawili dhidi ya Aaron Weiss yanapopata nguvu. La kwanza ni unafiki: ati ulijenga jina na soko kwa Wakristo, kisha ukawaletea kitu ambacho hawakukinunua. Hili nalipa uzito mdogo. Hakuificha nyumba aliyotoka, na albamu inayokusumbua si albamu iliyokudanganya. La pili ndilo zito. Ni shtaka la utalii. Kuna watu wanaozunguka dini kama watu wa safari za mbugani: leo wamemwona simba wa Wasufi, kesho tembo wa Wabudha, kila mahali wanapiga picha, hakuna mahali wanapolala. Mtu wa namna hiyo anaongea vizuri sana kuhusu Mungu kwa sababu hakuna mungu yeyote anayemwamrisha aamke alfajiri. Je, mwimbaji wetu ni mtalii?

Jibu langu limo kwenye albamu hiyohiyo, wimbo wa kumi, ule unaotangulia wa mwisho. Ni hadithi ya mfalme wa mbawakawa kwenye shamba la minazi. Nayo ni ya Bawa. Watu wa shamba wanachoma rundo la makuti makavu, na wadudu kutoka mbali wanaiona ile nuru kubwa. Hawajui ni nini. Mfalme anataka ajulishwe. Anakwenda msomi wao, anarudi na mabawa yaliyoungua na maelezo. Mfalme haridhiki. Anakwenda mwanajeshi wao, moto unamuunguza naye, anarudi na majeraha. Mfalme bado haridhiki. Mwishowe anawaaga watu wake na kwenda mwenyewe, anaruka moja kwa moja mpaka ndani ya miali. Hakuna tena mfalme, kuna moto tu. Wimbo unaisha, na unaofuata ndio ule wenye jina la Mungu mara tatu.

Hadithi hii ina babu yake. Farid al-Din Attar wa Nishapur, katika karne ya 12, alisimulia habari ya nondo waliotaka kuujua mshumaa. Wa kwanza aliona mwanga dirishani akarudi kutoa taarifa. Wa pili aligusa joto kwa bawa. Wa tatu aliukumbatia moto mpaka akawa rangi moja nao. Nondo mwenye hekima akasema ni huyo wa tatu tu anayejua, na ndiye pekee asiyeweza kutuambia.

Mara ya kwanza nilipoviweka viwili hivi pamoja, nilifunga kompyuta nikatoka nje ya keja nikakaa kwenye ngazi. Ukiifuata hadithi hiyo kwa uaminifu, inamaanisha kwamba kila wimbo wa dini uliowahi kuusikia, kila tenzi, kila kaswida, kila pambio, umeimbwa na mtu ambaye hajaungua. Angeungua asingerudi. Wote wanaotuimbia ni wajumbe waliorudi njiani. Na swali langu la mwanzo linabadilika sura: kama hakuna mwimbaji aliyefika, basi kutofika hakuwezi kuwa kosa. Kosa ni kudanganya umbali.

Rudi umtazame yule msomi na yule mwanajeshi. Hakuna kati yao aliyesema uongo. Kila mmoja alileta taarifa ya kweli ya pale aliposimama. Mjumbe angekuwa mwongo tu kama angejipaka masizi njiani ili tudhani ameungua. Na hilo la kupaka masizi tunalijua, si ndiyo? Tunaliona kwenye mabango ya mikutano ya injili barabarani, na kwenye video za mashehe vijana wenye ring light na kilio cha kupangwa. Ushuhuda mtamu kupita kiasi, machozi yanayofika kamera ikifika. Huo ndio uongo wa dini unaoniogopesha, na haufanywi na wenye shaka. Unafanywa na wenye uhakika mwingi kuliko safari waliyosafiri.

Lakini pia sitaki kumwacha mwenye shaka aondoke hivihivi na mikono mifukoni. Nondo wa kwanza na wa pili hawako sawa. Mmoja alirudi na maneno tu, mwingine alirudi akiwa ameguswa na joto. Nadhani hapa ndipo tunapoweza kumtofautisha anayetafuta na mtalii bila kumhukumu moyo, jambo ambalo hatuna uwezo nalo. Uliza tu: utafutaji huu umemgharimu nini? Ndiyo maana nilikuomba ushike lile jambo la basi la mafuta ya chapati na chakula cha jalalani. Unaweza kubisha kama ni busara. Huwezi kusema ni mtu anayezunguka Mungu kwa starehe. Albamu ya 2009 nayo ilimgharimu sehemu ya wasikilizaji. Masizi ya kujipaka hayana bei hiyo.

Kuna rafiki yangu mmoja ambaye huniambia haya yote ni anasa. "Huyo ni Mmarekani," ananiambia. "Akikosa kanisa bado ana bima ya afya." Nimejaribu kumpinga nikashindwa. Kwetu kanisa ni zaidi ya imani. Kanisa ni chama, ni mchango wa hospitali, ni wamama watakaopika chai mkifiwa na vijana watakaobeba viti. Msikiti vilevile: ukifa saa nne asubuhi, alasiri umeshazikwa, kwa sababu kuna watu ambao ni wajibu wao kukuosha, kukushonea sanda, kukuchimbia. Mtu wa Nairobi anayesema "mimi natafuta tu" anasema pia kwamba hajui ni kamati gani ya mazishi itakayomhudumia. Shaka hapa ina bei ya wazi.

Mimi bei hiyo niliisomewa baada ya arobaini ya babu yetu, familia imekaa, chai imemiminwa. Baba mdogo alinigeukia kwa upole kabisa, akasema, "Mwanangu, Mungu apishie mbali, lakini wewe ukifa leo, tukuzike vipi?" Hakuna aliyecheka. Mama aliweka kikombe chini. Baba akatazama mlango. Ni swali la haki, na alikuwa na haki ya kuliuliza, maana ndiye ambaye angepigiwa simu. Mtu unaweza kuishi ndani ya swali miaka na miaka, lakini maiti hawezi kulala msikitini na kanisani usiku mmoja. Mwili lazima uende upande mmoja.

Albamu tatu za mwisho za bendi nazisikiliza kama za mtu aliyeulizwa swali la aina hiyo. Mwaka wa 2012 walikuwa wameachana na ile kampuni, wakatoa Ten Stories kwa lebo yao wenyewe. Ni hadithi ya treni ya sarakasi inayopata ajali Montana, mwaka wa 1878, na wanyama wanatoka. Watu wengi wangeishia kwenye furaha ya kutoka. Wao wanauliza uhuru ni wa nini kama hujui pa kwenda, na humo kuna tembo anayepandishwa kizimbani na kuhukumiwa na watu kwa sheria ambayo hakuwahi kuikubali. Usidhani ni mzaha wa kishairi. Mwaka wa 1916, mjini Erwin, Tennessee, watu walimnyonga tembo wa sarakasi kwa kreni ya reli, kweli kabisa, baada ya kumuua mtu aliyekuwa akimwongoza.

Pale Horses ilifuata mwaka wa 2015. Jina limetoka Ufunuo, sura ya sita, yule farasi ambaye mpanda wake ni Mauti. Baba yao alikuwa amefariki, na msiba huo umeenea albamu nzima pamoja na hofu ya mwisho wa dunia. Sioni humo mwana akijidai kuwa kifo cha baba kimempa jibu. Naona mwana anayegundua kwamba mtu aliyempa maneno yote hayo, ya Kiyahudi na ya Kiislamu na ya vichekesho, hayupo tena wa kumuuliza. Kisha mwaka wa 2018 wakatoa albamu isiyo na jina. Kelele za zamani zimerudi, lakini sasa anayepayuka ni mume na baba wa mtoto, na anachokiogopa ni kuchanganyikiwa akili. Bendi iliyoanza kwa kumtafuta Wewe ikaishia kuiacha hata sehemu ya jina wazi.

Halafu wakaacha. Mwaka wa 2019 walitangaza kwamba 2020 ungekuwa mwaka wao wa mwisho, korona ikawacheleweshea kwaheri, wakaimaliza mwaka wa 2022. Kuacha huko nakuheshimu. Aliyekuwa na uhakika anaweza kuendelea kuuza uhakika wake mpaka uzeeni, soko lipo. Anayetafuta ana hatari nyingine: kutafuta kwenyewe kunaweza kuwa bidhaa. Unajikuta unahitaji shaka mpya kila baada ya miaka mitatu ili kuwe na albamu. Ukiona umefika hapo, heshima ni kunyamaza, uende ukatafute bila tiketi kuuzwa.

Basi nikijibu swali langu, nasema ndiyo, unayo haki ya kumwimbia mtu kuhusu Mungu bila kujua umesimama wapi, kwa masharti matatu. Useme umbali wako bila kuupunguza wala kuuongeza. Ukubali kuunguzwa kidogo, yaani kile unachokiomba kiwe na nguvu ya kukudai kitu. Na unyamaze pale wimbo unapokuwa mtamu kuliko moto wenyewe. Msikilizaji naye ana sharti lake moja: asimdai mjumbe majivu. Tukiwalazimisha watu wote wanaotuzungumzia Mungu waseme wamefika, tutabaki na wale wa masizi ya kupaka peke yao.

Na baba mdogo? Nilimwambia ukweli niliokuwa nao siku ile. Kwamba alfajiri huwa naamka, na nikiamka naomba, na maneno ninayoombea mengine ni ya mama na mengine ni ya baba, na sijaweza kuwatenganisha. Kwamba nikifa, mama na baba wakae pamoja wakubaliane, kwa sababu kaburi ni la wanaobaki kulitembelea, na uamuzi wao wawili utanitosha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hilo si jibu." Nikamwambia ni kweli, baba mdogo, hiyo ni taarifa tu. Akanywa chai yake. Idi iliyofuata aliniuliza tena, naye bila shaka ataniuliza Krismasi, maana huwa anakuja kwa mama kula chapati. Sijachukia. Kuna faida kubwa kuwa na mtu mmoja duniani anayetaka kujua, mwaka hadi mwaka, umesogea kiasi gani.